Kwanza Uliza Moto Huu Ni wa Kazi Gani

Hotuba kwa walimu walezi wa skauti, wazazi na vijana waliokuwa wakijiandaa kwenda kupiga kambi Menengai, Nakuru

Walimu wenzangu, wazazi mliofika, na nyinyi vijana mlioketi hapa mbele, hamjambo?

Nimeombwa niseme juu ya moto wa kambini, nami nitaanza na ombi. Mkifika kambini, kabla mtu hajagusa hata ukuni mmoja, kikundi kizima kisimame kijiulize: moto tunaotaka kuukoka ni wa kazi gani? Ni wa kusonga ugali? Wa kuchoma viazi? Wa kuota? Wa kukaa na kuimba? Au ni wa mlinzi atakayekesha hadi alfajiri? Kila kazi ina moto wake, na kila moto una jinsi yake ya kupangwa.

Kambi nyingi nilizozipitia huku kwetu, kuanzia Menengai mpaka ufuo wa Dunga kule Kisumu, zina moto wa aina moja tu. Magogo yanarundikwa katikati ya uwanja, yanamwagiwa mafuta ya taa, miali inapaa, watoto wanashangilia. Kisha inafika saa ya kupika na hakuna anayeweza kuusogelea moto ule na sufuria mkononi. Kuni zilizokusudiwa siku mbili zimeisha jioni moja na maharagwe bado yanagonga kama changarawe. Jambo hili linaniuma, maana kuni zile zina mahali zilipotoka. Mtoto tuliyemleta kambini apende msitu anarudi nyumbani akiwa amejifunza kuuchoma ovyo.

Tuelewane kwanza jinsi ukuni unavyoungua, kwa sababu mengine yote yanatokana na hapo. Mti mbichi unaweza kuwa na maji karibu nusu ya uzito wake. Ukiutia motoni, joto la mwanzo lote linakwenda kuyafukuza maji hayo. Ndiyo sababu unafoka, unatoa povu kwenye ncha na kukutoa machozi. Maji yakishatoka, ukuni unaopata joto huanza kutoa gesi, na gesi hiyo ndiyo inayowaka. Mwali mnaouona ni gesi inayoungua. Ikiisha, linabaki kaa, nalo huungua bila mwali, kwa joto lililotulia. Kwa hiyo mna vitu viwili mkononi. Mwali huchemsha na kuangaza. Kaa huchoma na kuivisha taratibu. Anayeweka mahindi juu ya mwali atakula mahindi meusi nje na mabichi ndani, na kosa si la mahindi.

Moto wa kwanza wa kujifunza ni wa msonge. Unaweka katikati kitu kinachoshika moto upesi: majani makavu, maganda membamba ya mti, au magunzi ya mahindi yaliyokauka vizuri. Unasimamisha vijiti vyembamba kama njiti ya kiberiti vikiegemeana juu, kisha vya unene wa kalamu, kisha vya unene wa kidole gumba. Upande unaotoka upepo unauacha wazi kama mlango, na hapo ndipo unapowashia. Joto hupanda, kwa hiyo vijiti vilivyosimama hupashwa kutoka chini mpaka juu na hushika haraka. Msonge huchemsha maji ya chai upesi kuliko moto mwingine wowote mtakaoupanga. Ila huporomoka mapema na hula kuni, kwa hiyo hamuwezi kuutegemea kwa chakula cha watu thelathini. Mimi huutumia kuanzishia moto mwingine.

Moto ninaoupenda kuliko yote ni ule unaodharauliwa kuliko yote, wa mafiga matatu. Nimelelewa Shinyalu, pembeni mwa msitu wa Kakamega, na mama yangu alitulisha sote kwa mafiga. Nasikitika ninapomwona kijana ambaye nyanya yake anapika hivyo kila siku akija kambini na kutafuta picha kwenye simu ajue atakavyoteleka sufuria. Nenda kamuulize nyanya yako. Atakuonyesha jambo ambalo picha haionyeshi: nguvu ya moto wa mafiga hupimwa kwa mkono. Kuni ndefu huingia kwa kupitia nafasi tatu zilizo kati ya mawe. Ukitaka mwali mkali unazichochea ndani. Ukitaka maharagwe yatokote polepole unazivuta nje kidogo. Chakula kikiiva unazitoa zote, unazizima, na kesho unaendelea pale ulipoachia. Ukuni unaoungua ni ncha yake tu.

Wazee walisema jifya moja haliinjiki chungu, na mawe yenyewe ndiyo tunayoyakosea zaidi. Msiyachukue mtoni wala ziwani. Jiwe lililokaa majini limenyonya maji kwenye nyufa zake. Likipata moto, maji yanageuka mvuke, mvuke unakosa pa kutokea, na jiwe linapasuka kwa kishindo na kurusha vipande usoni pa mpishi. Okoteni mawe yaliyokauka mahali pa juu. Halafu yazikeni, theluthi moja ya kila jiwe iwe ndani ya udongo. Sababu ni ugali. Chai haihitaji nguvu, lakini ugali wa watu thelathini unasongwa kwa mwiko mkubwa na mtu mwenye mabega, na sufuria inasukumwa huku na huku. Jiwe lililowekwa juu juu litateleza, na maji yanayochemka yatamwagikia miguu. Kati ya ardhi na tako la sufuria acheni kama shubiri moja. Mkiinua zaidi ya hapo, mwali hautagusa chakula. Mkishusha sana, moto utakosa hewa na moshi utawatesa.

Udhaifu wa mafiga ni kwamba joto jingi hutoroka ubavuni, hasa penye upepo. Jengeni ukuta mfupi wa mawe na udongo upande wa upepo na mtaona tofauti kwa macho.

Kama mna sufuria tatu kwa wakati mmoja, ya ugali, ya sukuma wiki na ya chai, basi tumieni magogo mawili. Yalazeni sambamba, lakini upande mmoja yaachane zaidi, upana wa sufuria kubwa, na upande mwingine yakaribiane kiasi cha kubeba birika. Upande mpana uelekee upepo. Moto mnauwasha katikati, urefu wote, na kila chombo kinapata mahali pake. Magogo yakiwa mabichi kidogo ni heri, yatachelewa kuungua.

Sasa Menengai. Mnaokwenda huko mtakuwa kwenye ukingo wa kreta, lile shimo kubwa la volkano, na sehemu yake ya juu inafika mita 2,278. Usiku kuna baridi, na upepo wa ukingoni haumsubiri mtu ajiandae. Miezi ya Januari hadi Machi nyasi ni kavu kiasi kwamba cheche moja inatosha kupoteza mlima mzima. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016 inakataza kuwasha moto msituni bila idhini, kwa hiyo walimu, barua kwa ofisi ya misitu iandikwe mapema, na mkiambiwa hapana, iwe hapana. Bebeni jiko la gesi na msinung'unike.

Mkiruhusiwa, na mkiruhusiwa pia kuchimba, moto unaofaa mahali kama pale ni wa shimo, ambao skauti wengi huuita Dakota. Chimbeni shimo la upana wa sentimita 30 hivi, na kina hichohicho au zaidi kidogo. Upande unaotoka upepo, hatua fupi kutoka hapo, chimbeni shimo la pili, jembamba, na mlipitishe kwa mshazari chini ya ardhi mpaka likutane na sakafu ya lile la kwanza. Washeni moto ndani ya shimo kubwa. Hewa moto inapopanda na kutoka, inavuta hewa baridi kupitia lile shimo dogo, na moto unajipuliza wenyewe. Kwa kuwa hewa inafika chini kabisa, gesi nyingi inaungua kabla haijawa moshi. Upepo hauwezi kurusha cheche, kuni chache zinatosha, na sufuria inakaa juu ya vijiti vibichi viwili au vitatu vilivyopitishwa mdomoni mwa shimo. Udongo wa majivu ya volkano wa huku Nakuru unachimbika vizuri. Mkitoa udongo, wekeni ule wa juu wenye nyasi kando peke yake, ili siku ya kuondoka mfukie na kurudisha nyasi mahali pake.

Lakini shimo hilo msilichimbe kila mahali. Kwenye mchanga wa ufuoni litaporomoka. Penye mizizi mingi moto unaweza kuingia kwenye mzizi na kutambaa chini ya ardhi, utokee mbali nyinyi mkiwa mmeshafika nyumbani. Na ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Nakuru msichimbe kabisa. Tumieni sehemu za moto zilizokwisha kutengwa kambini, na kuni msiokote, ulizeni langoni utaratibu wake. Pale pia kuna msitu wa yuforbia, miti yenye matawi yaliyosimama kama kinara. Utomvu wake mweupe ni sumu, ukiingia machoni ni hatari kubwa, na moshi wake unawasha macho na koo. Hata tawi lililoanguka liacheni. Nawaonya vilevile juu ya oleanda, ule mti wa maua ya waridi unaopandwa kwenye nyua mjini. Fimbo yake ni nyoofu na inavutia kuchomea nyama, lakini mti wote una sumu.

Kuni nzuri za Nakuru ni leleshwa. Ina mafuta ndani yake, inashika hata ikiwa haijakauka vizuri, na inanukia. Mzeituni mwitu, emitiot kwa Kikalenjin, unatoa makaa mazito yanayodumu, lakini ni mti wa kuhifadhiwa. Okoteni tawi lililoanguka tu. Muwati na mkaratusi hupatikana mashambani na vinafaa kwa kazi zote, mradi viwe vimekauka. Saiprasi huwaka upesi na kurusha cheche, kwa hiyo iwe ya kuanzishia tu, mbali na mahema.

Mkienda Kakamega mambo yanageuka. Kule mvua ni sehemu ya siku, mara nyingi inashuka alasiri, wakati uleule mnapotaka kupika. Vijana hukata tamaa wanapoona kila ukuni umelowa, na hapo ndipo mtu anapochomoa chupa ya petroli. Hapana. Mvuke wa petroli hushika moto kabla hujarudisha mkono. Na plastiki pia hapana, moshi wake ni sumu, na vitu vya plastiki vya kutumika mara moja vilipigwa marufuku kwenye mbuga na misitu ya hifadhi tangu Juni 2020.

Ukuni uliolowa kwa mvua umelowa nje tu. Tafuteni tawi mfu lililonasa juu ya mengine bila kugusa ardhi, maana lililolala chini limenyonya unyevu mpaka ndani. Lipasueni katikati kwa panga, kisha vipande mvipasue tena. Moyo wake ni mkavu. Chukueni kipande kimoja, kichongeni kwa kisu mkienda chini bila kukata hadi mwisho, mpaka kiwe na vinyoya vilivyojikunja. Vipande vitatu au vinne vyenye vinyoya hivyo vinawaka hata siku mbaya. Ardhi ikiwa na maji, tandikeni kwanza vijiti vya unene wa mkono, moto ukae juu ya jukwaa lile. Kuni za zamu inayofuata zipangeni kuzunguka moto zikauke huku mnapika. Na kabla ya kutoka nyumbani, mfuko wa magunzi makavu uwe ndani ya begi, umefungwa vizuri. Kule magharibi magunzi hayakosekani katika boma lolote baada ya kupukuchua mahindi, na yamewashia akina mama wetu moto miaka yote.

Dunga nitasema jambo moja tu, la upepo. Mchana hewa inatoka ziwani kuja nchi kavu, kwa sababu ardhi imepata joto kuliko maji. Usiku inageuka, inatoka nchi kavu kwenda ziwani. Mkipanga moto saa kumi jioni kwa kutazama moshi unakoelekea wakati huo, saa nne usiku moshi utakuwa unaingia mahemani. Basi mahema na moto vikae sambamba na ufuo, visipangwe kimoja mbele ya kingine, na kati yao kuwe na mita 5 au zaidi. Mafunjo makavu msiyategemee kwa kupikia, yanawaka na kuisha kabla hujapata kifuniko.

Mlima Elgon nao una desturi yake. Kilele cha Koitoboss kina mita 4,222, na kadiri unavyopanda maji huchemka kwa joto la chini zaidi. Kwenye mita 3,500 yanachemka karibu nyuzi 88, kwa hiyo maharagwe yatachemka usiku kucha na yasiive. Yapikeni nyumbani, mpande nayo. Juu kule, penye vichaka na udongo uliojaa mizizi na majani yaliyooza, mimi siungi mkono moto wowote wa kuni. Udongo wenyewe huungua. Gesi inatosha.

Turudi kwenye moto wa kuimbia, maana najua ndio mnaousubiri. Upangeni kama ghala la mahindi: magogo mawili chini, mawili juu yake yakikatiza, na kuendelea, usizidi kimo cha goti. Ninachopendelea ni kuujaza kuni nene chini na nyembamba juu, kisha kuuwasha kutoka juu. Watu huniambia hautashika. Unashika, polepole, na unashuka ngazi kwa ngazi. Gesi inayotoka kwenye kuni za chini inapita kwenye mwali ulioko juu na kuungua, hivyo moshi ni mdogo, na mnaweza kumaliza nyimbo na hadithi bila mtu kuinuka kuongeza ukuni. Mlinzi wa usiku naye apewe moto wa nyota. Ni magogo matano hivi, vichwa vimekutana katikati, mikia imetawanyika. Yakiungua anayasukuma ndani, akitaka kupunguza anayavuta. Hahitaji hata shoka.

Sasa naomba kila mmoja anisikilize, na wazazi msaidie. Usiingize moto ndani ya hema. Wala jiko la makaa, wala sufuria yenye makaa yaliyokaribia kuzimika, hata kwa dakika chache, hata mlango ukiwa wazi. Makaa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Kichwa kinauma, unapata kizunguzungu na kichefuchefu, usingizi unakulemea, na hapo huwezi tena kujisaidia. Watu wamekufa hivi katika nchi yetu, ndani ya nyumba zenye madirisha, seuze hema. Ukimkuta mwenzako katika hali hiyo mtoe nje kwenye hewa safi mara moja na apelekwe hospitali. Ukisikia baridi, chemsha maji, yatie kwenye chupa ya chuma, ifunge vizuri, ivishe soksi, lala nayo. Joto lake linatosha na halimuui mtu.

Nguo za nailoni huyeyuka na kugandamana na ngozi, kwa hiyo mpishi avae pamba, afunge nywele, na leso isining'inie. Nguo ikishika moto, usikimbie. Lala chini ubingirie. Mtu akiungua, maji safi ya baridi yanayotiririka yamwagikie kidonda kwa dakika 20. Vueni pete na bangili kabla hajavimba, kisha funikeni kwa kitambaa safi. Msipake dawa ya meno, yai, unga wala mafuta. Najua vitu hivi vinatumika vijijini kwa nia njema kabisa, lakini vinafungia joto ndani au kuleta uchafu kwenye kidonda. Jeraha kubwa kuliko kiganja cha aliyeungua, au la usoni na mikononi, au la mtoto mdogo, liende hospitali.

Kuzima moto kunaanza saa nzima kabla ya kulala. Acheni kuongeza kuni, zile zilizopo ziungue ziwe majivu. Mwagieni maji, korogeni kwa kijiti, mwagieni tena, hadi mlio wa kufoka ukome. Kisha sogezeni mgongo wa mkono karibu na majivu. Mkisikia joto, bado. Msifukie makaa kwa udongo mkadhani mmemaliza, kwani chini ya udongo yanahifadhi moto saa nyingi, na asubuhi mtoto anapita pale peku.

Baada ya chai tutatoka uwanjani nyuma ya ukumbi. Kikundi cha kwanza mtapika ugali wa watu wote, cha pili mtachoma viazi vitamu, cha tatu mtachemsha maji upande ule wenye upepo, na cha nne nimewawekea kuni zilizolowa tangu jana. Umbo la moto mtachagua wenyewe, na mlezi atapita kuuliza sababu. Ndoo ziko pale karibu na bomba. Kila kikundi kijaze yake na kuiweka pembeni mwa moto kabla ya kuja kwangu kuchukua kiberiti.